Kuipanga paneli ya Xfce ikufae kazini: hatua kwa hatua

Laptopu nyingi za mtumba ninazoziandaa kwa ajili ya steshenari na shule zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Upana upo wa kutosha, tatizo ni kimo. Fungua barua kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure: kichwa cha dirisha, menyu na safu za vitufe vikishachukua sehemu yao, ukurasa unaobaki kuonekana ni mfupi mno. Ndiyo maana nikimaliza kusakinisha Linux, mfumo endeshi ninaoutumia badala ya Windows, kitu cha kwanza kukigusa ni paneli, ule ukanda wenye menyu, madirisha yaliyofunguliwa na saa. Mtu anaitazama siku nzima, kwa hiyo ipangwe kufuata kazi anayoifanya.

Hapa natumia Xfce, mazingira ya eneo-kazi yaliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, mepesi kwa mashine yenye RAM ndogo. Utayakuta kwenye matoleo ya Linux kama Xubuntu, Linux Mint ya Xfce, na Debian ukiyachagua wakati wa kusakinisha. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usiyatafute sana.

Hatua ya 1: Fungua mipangilio

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya paneli, nenda "Panel", kisha "Panel Preferences". Dirisha litakalofunguka lina vichupo vitatu: "Display" ya umbo na mahali, "Appearance" ya rangi, na "Items" ya vitu vilivyomo ndani.

Debian huja na paneli mbili: ya juu yenye kimo cha pikseli 26, na ya chini yenye aikoni kubwa, pikseli 48, inayojificha dirisha likiifikia. Mimi huondoa ya chini. Juu kabisa ya dirisha la mipangilio kuna orodha ya paneli. Chagua "Panel 2", bonyeza kitufe cha kutoa kilicho pembeni, kubali. Kama unatumia Xubuntu au Mint unayo moja tu, endelea mbele.

Hatua ya 2: Mahali na ukubwa

Kwenye "Display", ondoa tiki ya "Lock panel". Vishikio vidogo vitajitokeza kwenye ncha za paneli. Shika kimoja uivute hadi ukingo unaoutaka, kisha rudisha tiki. Usiisahau hiyo tiki, hasa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, maana mkono ukiteleza paneli inaweza kuhama.

Iende wapi? Anayetoka Windows mwachie chini, "Row size" iwe kati ya 28 na 32, na asilazimike kujifunza upya. Lakini kwa mtu anayechapa nyaraka kutwa nzima, nashauri ukingo wa kushoto. Badilisha "Mode" iwe "Deskbar" badala ya "Vertical": zote mbili zinasimama wima, ila "Vertical" hulaza maandishi ubavu na shingo itachoka kusoma saa. Ukiiweka kushoto unatumia upana, ambao unao wa ziada, na ukurasa unapata kimo chote.

Kuna pia "Automatically hide the panel". "Intelligently" huificha paneli pale tu dirisha linapoifunika, na kwenye kompyuta yako binafsi ni nzuri sana. Kwenye maabara ya shule au kaunta ya steshenari weka "Never". Mtumiaji mgeni asipoiona paneli anadhani mashine imeharibika, na wengine huizima kwa kubonyeza kitufe cha umeme.

Hatua ya 3: Vitu vya ndani

Nenda "Items". Vitufe vya pembeni vinaongeza, vinaondoa, na vinapandisha au kushusha kitu. Mpangilio ninaouanza nao ni huu: Whisker Menu, vianzishi viwili au vitatu vya programu zinazotumika kila saa, Directory Menu, Window Buttons (orodha ya madirisha yaliyofunguliwa), Separator (kitenganishi), Status Tray Plugin (aikoni za hali, kama mtandao), sauti, betri, na saa mwishoni. Kama baadhi havimo kwenye orodha, andika hivi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya Debian au Xubuntu:

sudo apt install xfce4-goodies xfce4-whiskermenu-plugin

Whisker Menu inapita ile menyu ya kawaida kwa sababu unaandika herufi chache za jina la programu na inajitokeza. Kianzishi cha programu unakipata kwa kuburuta aikoni yake kutoka kwenye menyu hadi kwenye paneli. Kianzishi kimoja kinaweza kubeba programu kadhaa: kwenye "Properties" zake ongeza nyingine, na zote zaidi ya ya kwanza zitakaa chini ya mshale mdogo. Mimi huweka Writer (ya kuandikia nyaraka) juu, kisha Calc (ya majedwali) na programu ya kuskani chini yake.

Ile Separator ibofye mara mbili uweke tiki ya "Expand" na mtindo wa "Transparent". Inajaza nafasi iliyobaki na kusukuma saa na wenzake hadi mwisho. Wengi hukosa hiyo tiki, saa ikabaki inaelea katikati.

Directory Menu haipewi heshima inayostahili. Ielekeze kwenye folda moja, mathalani "Kazi za Wateja", na kila ukiibofya unashuka folda kwa folda bila kufungua dirisha la mafaili. Kwenye "File Pattern" andika:

*.odt;*.docx;*.pdf

na zitaonekana nyaraka za aina hizo tu. Mteja aliyerudi kuchapisha tena CV yake hatasubiri.

Hatua ya 4: Saa ya Kiswahili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, na paneli inaweza kutuonyesha hivyo. Ongeza "Clock" ya pili, fungua "Properties" zake, na kwenye "Time zone" andika:

Etc/GMT+3

Kisha chagua muundo wa kujiandikia mwenyewe na uweke:

saa %l:%M

Ikiwa 14:30 kwenye saa ya kawaida, hii itaonyesha "saa 8:30". Katika majina ya kanda za saa yanayoanza na Etc, alama ya kujumlisha na kutoa hugeuzwa, hivyo GMT+3 ni saa 3 nyuma ya Greenwich. Sisi tuko saa 3 mbele, na jumla ya tofauti ni saa 6, zile zile tunazoziruka tunapotafsiri saa kichwani. Tarehe iache kwenye saa ya kwanza, kwa mfano %d/%m %H:%M, kwa sababu hii ya pili hubadilisha siku saa 12 asubuhi.

Hatua ya 5: Hifadhi mpangilio

Kwenye terminali andika:

sudo apt install xfce4-panel-profiles

Fungua programu hiyo, hifadhi mpangilio wako kwa jina, kisha usafirishe kama faili kwenye flashi. Nenda nayo kwenye mashine nyingine, iingize, na paneli itatokea kama ulivyoipanga. Ukiwa na kompyuta 20 za darasa, unapanga moja tu. Hakikisha tu kwamba programu-jalizi zile zile zimesakinishwa kote, la sivyo sehemu zake zitakosekana.

Paneli ikipotea

Bonyeza Alt na F2 kwa pamoja, andika xfce4-panel, kisha Enter. Kama ipo lakini imeganda:

xfce4-panel -r

Ikiwa imevurugika kiasi kwamba unataka kuanza upya, tumia amri hizi kwenye terminali kwa mfuatano huu:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
rm -rf ~/.config/xfce4/panel
rm ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml
xfce4-panel &

Usiruke amri ya pili. xfconfd, programu ya nyuma ya pazia inayotunza mipangilio ya Xfce, huishikilia kwenye kumbukumbu, na ukiiacha hai itairudisha ile ile uliyoifuta. Amri hizi hazigusi nyaraka zako. Zinafuta mpangilio wa paneli peke yake. Ikirudi, ingiza faili ulilohifadhi kwenye hatua ya 5.