Kuomba ulinzi wa alama ya biashara nje ya nchi kwa Itifaki ya Madrid

Usajili wa alama ya biashara huishia mpakani. Ukitaka ulinzi katika nchi kadhaa, waweza kuomba nchi moja moja, au kupeleka ombi moja kwa Shirika la Haki Miliki Duniani (WIPO), Geneva, chini ya Itifaki ya Madrid ya 1989.

Kwanza uwe na ombi au usajili wa msingi, yaani wa alama hiyohiyo, katika nchi mwanachama wa Itifaki ambako wewe ni raia, mkaazi au una biashara halisi. Kisha hesabu siku: Mkataba wa Paris wa 1883 hukupa miezi 6 tangu ombi la kwanza kudai kipaumbele, yaani ombi la nje lihesabiwe kuwa la tarehe ya ombi la kwanza. Ukiipitisha, mtu aliyewasilisha alama kama yako katikati ya kipindi hicho atakutangulia.

Jaza fomu MM2, ya ombi la kimataifa, na uipitishe kwenye ofisi ya usajili ya nchi ya ombi la msingi. WIPO haiipokei mkononi mwa mwombaji. Hapa ndipo wengi hukwama. Ofisi hiyo lazima ithibitishe kuwa jina la mwenye alama, nembo na bidhaa vinalingana na ombi la msingi. Herufi moja ya jina la kampuni ikipishana, fomu inarudi. Orodha ya bidhaa unaweza kuipunguza, kuiongeza huwezi. Ipange kwa madaraja ya Mkataba wa Nice: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 huduma.

Ada ya msingi ni faranga za Uswisi 653 kwa nembo isiyo na rangi, 903 kwa ya rangi. Ongeza 100 kwa kila nchi uliyoichagua, ingawa baadhi hutoza ada zao wenyewe, mara nyingi kubwa zaidi. Ukiichagua Marekani, ambatisha MM18, tamko la nia ya kuitumia alama.

Cheti cha usajili wa kimataifa cha WIPO kisikupumbaze: kila nchi uliyoichagua bado ina miezi 12, au 18 kwa baadhi, ya kukataa kuilinda alama.

Na kwa miaka 5 ya mwanzo, usajili huu wa kimataifa unaning'inia kwenye ule wa msingi. Ule ukifutwa, huu nao unaanguka kote, na unabaki na miezi 3 ya kuomba upya nchi kwa nchi bila kupoteza tarehe yako. Kwa hiyo kama ombi la msingi lina pingamizi, subiri liamuliwe kwanza, mradi miezi 6 ya kipaumbele haijakaribia kwisha.