Usukani wa juu kwenye pikipiki ya michezo: kazi ya gereji, barua ya bima na ombi la ukaguzi Nairobi

Pikipiki ya michezo hutoka kiwandani na vishikio viwili vya chini, kila kimoja kikibana foki yake, yaani mojawapo ya miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Mafundi huviita klipuoni. Kwa mwendo mkali upepo hubeba kifua na viganja hupumua. Kwenye foleni ya Mombasa Road jioni hakuna upepo wa kukubeba, kwa hiyo uzito wote hushukia vifundo vya mikono, na kila tuta huuongeza. Usukani wa juu wa bomba moja huondoa adha hiyo. Wengi hata hivyo humaliza kazi ya spana na kusahau karatasi, kisha ajali ikitokea huanza kubishana na bima bila ushahidi wowote mkononi.

Tuanze na logibuku, yaani hati ya umiliki wa chombo, kwa sababu ndiyo huwatia watu hofu. Logibuku hubeba nambari ya usajili, nambari ya fremu, nambari ya injini, modeli, mwaka, ukubwa wa injini na rangi. Usukani haumo. Ukibadili usukani pekee huombi logibuku mpya. Ukivua kava za mbele na kupaka tangi rangi nyingine, au ukafunga injini nyingine, hapo umegusa yaliyoandikwa, na ni lazima uombe mabadiliko ya maelezo kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Amua mapema kama kazi yako itaishia kwenye usukani au itafika kwenye rangi, maana ukaguzi mmoja uliopangwa vizuri utakuokolea safari ya pili.

Kabla ya kununua chochote, iandikie kampuni ya bima. Sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inamtaka kila mwenye chombo awe na bima, na mkataba wenyewe humtaka aeleze mabadiliko ya chombo. Simu haitoshi, tuma barua pepe kwa kampuni na nakala kwa wakala wako. Maneno machache yanatosha: “Ninakusudia kuondoa vishikio vya kiwandani kwenye pikipiki nambari fulani, fremu nambari fulani, na kufunga usukani wa bomba moja wenye kipenyo fulani, utakaopanda kwa sentimita kadhaa. Injini, fremu na matumizi ya pikipiki havibadiliki. Naomba jibu la maandishi kama bima itaendelea bila masharti mapya.” Ambatisha picha za pande zote mbili kabla ya kazi. Subiri jibu ndipo ulipie vipuri.

Kuna njia mbili za kupandisha. Ya kwanza ni klipuoni za kunyanyuliwa, zinazobana foki ileile lakini zina shingo inayopanda sentimita chache. Pima kipenyo cha foki kwa kalipa (kipimo cha taya mbili), kwani mm 41, 43 na 50 zote zipo sokoni, na tofauti ya milimita moja hutosha kuharibu kazi. Mara nyingi njia hii haidai paipu mpya ya breki, na kwa mtu anayetaka nafuu ya viganja tu, hii ndiyo tunayoipendekeza. Ya pili ni yoki mpya ya juu, yaani bamba linalounganisha foki mbili kwa juu, yenye vibano vya kushika bomba la mm 22 au mm 28.6. Hii hupandisha zaidi, na humletea fundi kazi nyingi zaidi.

Kabla ya kufunga yoki mpya, jua kwamba swichi ya ufunguo huwa imefungwa chini ya yoki ya zamani kwa boliti zilizokatwa vichwa makusudi ili mwizi asizifungue. Hutolewa kwa kutoboa taratibu. Kama ufunguo wako una chipu, pete ya kuisoma iko kwenye swichi hiyo, na ikipasuka injini haitawaka. Ukishafunga, hakikisha usukani bado unajifunga kwa ufunguo.

Paipu ya breki ndiyo sehemu ya kuumiza kichwa. Inua gurudumu la mbele hadi foki zining’inie, zungusha usukani mpaka mwisho, kisha pitisha kamba kwenye njia halisi ya paipu kutoka silinda ya breki hadi inapoishia chini, na uongeze sentimita mbili. Geuza upande wa pili upime tena, uchukue kipimo kirefu. Ukipima gurudumu likiwa chini, paipu itavutika siku pikipiki itakaporuka tuta, kwa sababu foki hurefuka hapo. Nunua paipu ya breki yenye ganda la nyuzi za chuma iliyotengenezwa kwa breki. Maduka ya hozi za mitambo ya Industrial Area hufanya kazi safi ya trekta na forklifti, lakini hozi ya trekta isifungwe kwenye breki ya pikipiki. Kila boliti yenye tundu inayoshika paipu hupata washa (pete bapa) mbili mpya za shaba, au tatu ikiwa inashika paipu mbili. Ukazaji ni kati ya Nm 23 na 35 kulingana na pikipiki, na kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho.

Jaza oili ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 4, kutoka chupa isiyofunguliwa, kwani oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Funika tangi kwa kitambaa, maana hula rangi. Usiache kopo la oili likauke wakati wa kutoa hewa kwenye paipu, hasa kwenye pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia gurudumu kukwama kwenye breki), ambako hewa ikiingia kwenye kisanduku chake huenda ikahitaji mashine ya kompyuta kuitoa. Lever ikibaki laini baada ya yote, tazama mwinamo wa silinda: hewa hupenda kukaa kwenye boliti ya juu, na kuifungua pale kidogo mara nyingi humaliza tatizo.

Nyumba za swichi zina kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la kishikio. Bomba jipya halina tundu hilo. Weka alama baada ya kukaa juu ya kiti na kupata mkao wako, kisha toboa mara moja. Fundi akikata kipini ili kukwepa kutoboa, mkataze: nyumba ya swichi itazunguka na mkono siku ya kona.

Sasa jaribio ambalo haliachwi. Washa injini, iache ingurume polepole bila moto, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mngurumo ukipanda, kebo ya moto, ile ya kuongeza mwendo wa injini, ni fupi au imebanwa, na pikipiki hiyo haitoki gereji. Ukiachia moto katika kila pembe urudi wenyewe haraka. Kati ya lever na kava, na kati ya vishikio na tangi, kidole gumba kipite. Visimamizi vinavyozuia usukani kugeuka kupita kiasi kwenye fremu visikatwe wala kusagwa.

Kazi ya gereji ikiisha, ombi la ukaguzi wa NTSA hufanywa mtandaoni. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti ya mwenye pikipiki kama ilivyo kwenye logibuku, fungua huduma za NTSA, chagua ukaguzi wa chombo, kisha nambari ya usajili. Pikipiki isipoonekana, mara nyingi umiliki haujahamishwa kutoka kwa aliyekuuzia, na hilo lazima limalizwe kwanza. Chagua kituo; cha Nairobi kiko Likoni Road, Industrial Area. Chagua siku, soma ada inayoonyeshwa, ulipe kupitia eCitizen, paybill 222222, kwa nambari ya akaunti inayotolewa kwenye ankara yako. Usimpe mtu yeyote pesa taslimu ili “akusaidie kuingia”. Chapisha risiti na uthibitisho wa siku.

Siku yenyewe beba kitambulisho, nakala ya logibuku, cheti cha bima na risiti za vipuri. Osha pikipiki, hasa shingo ya fremu. Nambari ya fremu hupigwa hapo, na paipu mpya ndefu au fungu la nyaya hupenda kulala juu yake. Mkaguzi asipoisoma, kazi yote husimama. Jaribu honi, indiketa zote nne, taa ya breki kwa lever na kwa pedali, na vioo. Waya wa honi na ule wa swichi ya breki ya mbele ndio hukatika kimya wakati wa kuhamisha nyaya. Mkaguzi akigeuza usukani, naye atatafuta kitu kinachogonga au kuvutika.

Ukikataliwa, omba sababu iandikwe, rekebisha hiyo tu, kisha panga ukaguzi tena kwa njia ileile. Ukipita, piga picha cheti siku hiyohiyo na uitume kwa bima pamoja na picha za usukani mpya na risiti, ukijibu barua pepe ileile ya mwanzo ili mazungumzo yote yakae mahali pamoja. Nakala nyingine ikae kwenye simu.

Baada ya kilomita mia moja hivi, kagua ukazaji wa boliti za vibano na za yoki, na upapase kila kiungo cha paipu kwa karatasi nyeupe kuona kama oili inavuja. Kwenye Thika Road nenda polepole siku za kwanza: sehemu ya mbele imepungukiwa na uzito, bomba pana hugeuza kwa nguvu kidogo, na mkono uliozoea kusukuma klipuoni utakuvusha mstari wa leni kabla hujajua.