Java 11 na Java 17 ndani ya Ubuntu moja

Juzi nimekaa na mwenzangu aliyekuwa akifuta Java 17 kila anaporudi kwenye mradi wake wa zamani, kisha kuisakinisha upya jioni. Kazi hiyo haina ulazima. Maelezo haya ni ya Ubuntu 22.04.

1. Sakinisha zote mbili

`sudo apt install openjdk-11-jdk openjdk-17-jdk`

Hazigombani. Kila moja ina folda yake chini ya `/usr/lib/jvm`.

2. Chagua ya kutumia

Hapa tulieni, maana hatua hii imewahi kunila usiku mzima. Wengi hufundishwa hivi:

`sudo update-alternatives --config java`

Unachagua namba, unaandika `java -version`, unaona 11, unaridhika. Lakini amri hiyo imegusa `java` peke yake. `javac`, yaani kikusanyaji kinachogeuza msimbo kuwa faili za klasi, ina kiungo chake ndani ya `/etc/alternatives`, na mfumo ukiachiwa uchague wenyewe huchukua kipaumbele kikubwa: 1711 cha Java 17 dhidi ya 1111 cha Java 11. Kwa hiyo unajenga kwa 17, unaendesha kwa 11, na programu inakataa kuwaka: `UnsupportedClassVersionError`, ikitaja 61.0 na 55.0. Namba hizo ndizo jibu: 61 ni faili la klasi la Java 17, 55 ndilo toleo la juu kabisa ambalo Java 11 inaweza kusoma. Mimi nilikuwa nahangaika na msimbo, kumbe msimbo ulikuwa mzima.

Tumia hii, inahamisha zote kwa pamoja:

`sudo update-java-alternatives -s java-1.11.0-openjdk-amd64`

Majina kamili utayapata kwa `update-java-alternatives -l`. Kisha hakiki `java -version` na `javac -version`, zote mbili, kila mara.

3. JAVA_HOME

Hiki ni kigezo cha mazingira kinachoonyesha folda ya Java. Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, huifuata hii kabla ya kitu kingine, na amri ya juu haiigusi. Weka kwenye `~/.bashrc`:

`export JAVA_HOME=$(dirname $(dirname $(readlink -f $(which javac))))`

Fungua terminali mpya kila ukihama. Ile ya zamani bado inashikilia njia ya awali.

Python, tafadhali, usiihamishe hivi

Ukielekeza `python3` kwenye 3.11, `add-apt-repository` itaanguka ikilalamika haioni `apt_pkg`, kwa sababu moduli hiyo imejengewa 3.10 ya mfumo. Sakinisha `python3.11-venv`, halafu tengeneza mazingira ya Python ya mradi huo peke yake, ndani ya folda yake:

`python3.11 -m venv .venv`