Ukikimbia asubuhi na jioni, chai kwanza, kuoga baadaye

Hii ni kwa wanaofanya mazoezi mara mbili kwa siku. Ukimaliza mbio ndefu za asubuhi, pata wanga ndani ya nusu saa: takriban gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wako, kisha endelea hivyo kila saa hadi ule mlo kamili. Kwa mtu wa kilo 60, kikombe kikubwa cha chai ya maziwa chenye vijiko 3 vya sukari, slesi 2 za mkate na ndizi mbivu moja vinatosha kabisa kuanzia.

Baada ya mbio ndefu, glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, huwa imepungua sana. Saa mbili za mwanzo misuli hufyonza sukari kwa kasi, na mwanzoni kabisa hufanya hivyo hata insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, ikiwa kidogo. Ukichelewa, kasi inashuka, na jioni miguu inakuwa mizito ingawa umeshiba. Ndiyo maana chai ya maziwa yenye sukari na ugali havikosekani kwenye kambi za wakimbiaji kule Iten, Kenya.

Chipsi mayai hapo usiguse: mafuta mengi huchelewesha chakula tumboni.

Kama zoezi lijalo ni kesho, huna haja ya kukimbizana na saa. Muhimu ni jumla ya wanga wa siku nzima. Na ukiwa umeteremka milima mpaka mapaja yanauma, misuli iliyoumia hujaza glikojeni polepole hata ukila vizuri. Hapo pumzika.