Kabla sukari haijamwangusha: maandalizi ya nyumba yenye mgonjwa wa kisukari

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi anaweza kuzirai sukari ikishuka mno, hasa akiruka mlo au akishinda shambani. Kwa hiyo sukari ya dharura iwe na mahali pake, pajulikane hata na watoto, na nyingine ikae kwenye mkoba wake. Gramu 15 zinatosha kuanzia: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii hata akimaliza chupa. Chokoleti nayo iacheni, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Mashine ya kupima sukari ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, mpeni sukari hiyo, mpimeni tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini rudieni. Kopo la stripi, vile vipande vya kupimia damu, lifungwe vizuri, maana unyevu huziharibu na namba zikadanganya. Stripi zikiwa zimeisha msingoje: jasho jingi, kutetemeka na maneno yasiyoeleweka vinatosha kumpa sukari. Wengi hucheleweshwa kwa kudhaniwa wamelewa au wamepandisha pepo.

Kagueni pia bomba la sindano. Insulini ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la yuniti 40, kila alama hubeba dozi mara mbili na nusu. Kosa hilo peke yake linatosha kumzimisha mtu.

Akishapoteza fahamu, asitiwe chochote mdomoni, hata uji, kwa kuwa kitaingia kwenye njia ya hewa. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja. Asidungwe insulini. Kama daktari aliwapa glukagoni, dawa ya sindano ya kupandisha sukari, awepo nyumbani aliyefundishwa kuidunga. Namba ya dereva wa kumbeba usiku iandikwe ukutani mapema, na pakiti ya dawa zake iende naye: glibenklamaidi huweza kuishusha sukari tena saa nyingi baada ya kuzinduka, hivyo kuamka kwake si ruhusa ya kurudi nyumbani.

Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu dozi ya daku kwa kawaida hupunguzwa. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6 mmol/L, afungue saa hiyohiyo, hata ikiwa imebaki nusu saa magharibi iingie.