Soma fomu kabla ya kusaini

Mama mkwe wangu akitoka hospitali ya Bombo, Tanga, hupenda kuwaambia majirani, "Leo nimetibiwa bure." Bure ya nani, mama? Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na zote zinaingia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF.

Nyinyi walimu wapya mnaonipigia simu kuuliza kadi inatumikaje, kwanza jueni kwamba haina hela ndani. Hospitali inakutibu kwa mkopo, halafu inakusanya fomu zenu za matibabu na kuzipeleka NHIF kudai malipo. Huko zinakaguliwa. Kila kipimo na kila dawa ina bei waliyokubaliana, na kisichoeleweka kinakatwa. Ndiyo maana yule dada wa dirisha la bima anakukazania kadi na kitambulisho mpaka unamwona ana roho mbaya. Akikosea yeye, kituo hakilipwi.

Kabla hujakaa foleni, uliza kama kituo kina mkataba na NHIF. Zahanati za binafsi hazinao zote.

Sasa fomu. Saini yako ndiyo inayosema huduma umeipata, kwa hiyo isaini mwishoni, dawa zikiwa mkononi. Kituo kimoja, sitakitaja, kiliwahi kuniletea fomu yenye vipimo vitatu wakati nilitobolewa kidole mara moja tu, malaria basi. Nikauliza hivi viwili nimepimwa saa ngapi. Kijana akanijibu, "Mwalimu, saini tu, kwani hela yako?" Nikamwambia ni yangu, ipo kwenye hati yangu ya mshahara. Akavifuta, uso ameukunja.

Dawa ikikosekana usikimbilie kutoa hela mfukoni. Omba fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba. Ukiambiwa dawa haimo kwenye orodha ya bima, rudi kwa daktari umuulize kama ipo nyingine iliyomo. Mara nyingi ipo, ni jina tu limebadilika.

Wategemezi wasajilini mapema: mwenza, na wengine hadi wanne, watoto au wazazi. Wakwe wamo. Wangu macho yamepungua nuru, basi pale kwenye benchi namsomea fomu yake mstari kwa mstari, naye anaitikia, "Hiyo nimepata. Hiyo nimepata. Hiyo hapana," huku walio nyuma yetu wakiguna.