Namna ya kuwaona chaza wadogo wa mchangani bila kuchimba

Watu wengi wanawapita hawa kila siku, wanaokota makombe matupu wanadhani ndo basi, kumbe wenye makombe wako hai sentimita chache tu chini ya nyayo zao. Mi nawapenda sana, ngoja niwaelekeze.

Mchanga mkavu achana nao, hutaona kitu. Nenda pale wimbi linapopanda na kurudi, simama peku, tulia, macho chini. Wimbi likianza kurudi utaona vitu kama punje za mahindi vinachomoka mchangani, vinaburuzwa na maji kidogo, alafu maji yakipungua tu kila kimoja kinasimama wima kinazama, sekunde chache hamna kitu, mchanga umelala kama vile hakijatokea chochote. Usikate tamaa ukiwakosa mara ya kwanza, subiri wimbi la pili na la tatu.

Na wala sio kwamba wanasombwa tu. Kuna aina ambazo zinatoka zenyewe makusudi, maji yakijaa zinapandishwa na mawimbi na yakipwa zinashuka nayo, ili zibaki palepale penye maji yanayotembea maana chakula chao ndo kinapita hapo.

Ukitaka kumuona vizuri chukua mmoja tu, muweke kwenye bakuli lenye mchanga wa hapohapo na maji ya bahari yaufunike. Usimguse tena. Baada ya muda kombe linafunguka kidogo, unatoka mguu mweupe kama ulimi, unachoma mchanga, ncha yake inavimba kwa damu inashika kama nanga, alafu anajivuta chini, anapumzika, anajivuta tena. Akishazama inachomoza mirija miwili, mmoja unavuta maji na mwingine unayatoa, ndani huko matamvua yanachuja chembe ndogo za mwani ndo mlo wenyewe. Maji yasipate joto, dakika chache zinatosha, mrudishe ulipomtoa.

Makombe matupu nayo yaangalie kabla hujayatupa. Ukikuta katundu kaduara safi kabisa, upande wa nje kapana kuliko ndani, huyo aliliwa na konokono wa baharini anayezama mchangani kuwinda, anatoboa kombe taratibu mpaka ndani. Lililovunjika vipandevipande mara nyingi ni kaa. Na yale mawili ambayo bado yameshikana yamefunguka kama kipepeo, huyo hajafa siku nyingi, ule ukano unaoyaunganisha bado haujaoza.